Mchagua jembe si mkulima? Kwenye plaizi nakataa!

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeolewa au nimehama mji. Hapana jamani, nipo hapa hapa Dar, kazi tu zimebana. Leo nimerudi na mada ambayo najua nusu yenu mtaicheka: plaizi. Ndiyo, kile kidude cha kubania ambacho kila nyumba kipo, kwenye droo moja na mishumaa, betri zilizokufa na funguo ambazo hakuna anayejua ni za mlango gani.

Kabla hujaondoka, nisikilize kwanza kisa changu.

Mwaka 2016, nikiwa bado nasomea uandishi wa habari, nilijinyima hadi nikanunua kinasa sauti kidogo cha mkononi, kile kinachotumia betri mbili za AAA. Mtu wa kwanza kumrekodi alikuwa bibi, mzaa mama. Alikuwa amekaa uani kwenye mkeka akichambua mchele, nikakiweka kinasa kando ya ungo. Akanisimulia alivyoingia mjini mara ya kwanza akiwa msichana, alivyopotea Kariakoo siku hiyo hiyo, na nani aliyemwokota na kumfikisha kwa shangazi yake. Mara mbili tatu anacheka mpaka anakohoa. Nikajiambia nitahamishia kwenye kompyuta kesho. Mnazijua kesho zetu. Bibi alifariki mwaka 2019, na kinasa kilikuwa bado kimelala kwenye droo na betri zake ndani.

Mwaka jana nikakikumbuka. Nikafungua kifuniko, nikakuta unga mweupe umejaa. Wale wenye rimoti za televisheni mnaufahamu. Ni maji makali yaliyomo ndani ya betri za alkali, yakivuja na kukaa hewani yanageuka unga, na yanakula chuma chochote kilicho jirani. Nikasafisha kwa pamba na siki kidogo. Kibati kimoja cha kugusia betri kilikuwa kimelala kabisa, hakigusi kitu. Mahesabu yangu yakawa rahisi: kibati kiinuliwe milimita mbili, niweke betri mpya, bibi aongee.

Nikachukua plaizi ya nyumbani. Ile ya inchi 8 yenye mipini myekundu, ambayo baba amefungulia mabomba, amekatia seng'enge na amepigilia misumari kwa miaka sijui mingapi. Kichumba cha betri ya AAA kina upana wa sentimita moja na kidogo. Mdomo wa plaizi ya baba peke yake unakaribia kukijaza. Nikalazimisha, nikakibana kibati bila kukiona vizuri, nikavuta.

Tak!

Kibati kikatoka chote, na kikaja na kona ya bodi ya saketi.

Kinasa kile hakina kadi ya kuchomoa. Sauti imehifadhiwa ndani kwenye kidude kilichochomelewa kwenye bodi hiyo hiyo niliyoivunja. Nilikaa sakafuni kwa muda mrefu, sikulia, nilikuwa natazama tu kile kipande cha kijani kwenye mdomo wa plaizi.

Kaka yangu alipokuja jioni nikamwambia plaizi ndiyo imeniponza. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Mchagua jembe si mkulima." Akaongeza kwamba fundi wa kweli angekiinua kibati kile hata kwa kijiko cha chai.

Wadau, sentensi hiyo nimetembea nayo mwaka mzima, na leo naijibu hadharani.

Kwanza, huo msemo wenyewe una kazi yake. Umetungwa kwa ajili ya mvivu anayekaa kivulini akisema jembe hili zito, lile butu, mpaka mvua zinaisha. Sawa kabisa. Lakini shamba ni pana. Jembe likikosea kwa sentimita tano umekata jani, unaendelea. Ndani ya kinasa, ndani ya saa, ndani ya simu, ndani ya kinywa cha mtu, sentimita tano hazipo. Hata milimita tano hazipo. Huko kuchagua kifaa ni sehemu ya kazi yenyewe.

Pili, hebu tuiangalie plaizi kama tulivyofundishwa fizikia, halafu tukaisahau siku ya matokeo. Plaizi ni nyenzo mbili zilizofungwa kwa pini moja. Ile ya baba ina mpini wa kama sentimita 14 kutoka kwenye pini hadi ninaposhika, na mdomo wa kama sentimita 3.5 kutoka kwenye pini hadi kwenye ncha. Gawanya: 14 kwa 3.5 ni 4. Maana yake nikibana kwa nguvu ya kilo 10, ambayo ni kitu cha kawaida kwa mkono wa mtu mzima hata kama ni mwembamba kama mimi, ncha inabana kwa kilo 40. Kilo 40 kwenye kibati chembamba kuliko kucha! Na mkono hauna habari, kwa sababu plaizi kubwa haikupi hisia yoyote ya kinachotokea upande wa pili. Ni kama kubisha hodi kwa nyundo.

Chukua sasa plaizi ya mdomo mrefu. Tuseme mpini ni sentimita 10 na mdomo ni sentimita 5. Kwenye ncha nguvu inaongezeka mara 2 tu. Ukikibana kitu hicho hicho karibu na pini, sentimita 1 tu kutoka hapo, inaongezeka mara 10. Plaizi moja, mkono mmoja, tofauti ni mara tano, inategemea umeshikia wapi. Kwa hiyo udhaifu wa ncha si kasoro, ndiyo sababu ya kuinunua. Anayehitaji nguvu arudi karibu na pini au achukue plaizi nyingine. Anayetumia ncha kuzungushia nati iliyoganda ataipinda, na plaizi ya mdomo mrefu iliyopinda ncha hairudi tena kuwa ilivyokuwa, hata uigonge vipi.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua kabisa kabla ya kisa hiki. Taya za plaizi haziendi sambamba, zinafunguka kama herufi V. Ukitumia plaizi kubwa kubana kitu cha duara, mdomo ukiwa wazi, ile V inakisukuma nje badala ya kukishika. Ni kama mbegu ya tikiti unapoibana kwa vidole viwili, inaruka. Nani hajapoteza skrubu ya miwani namna hii? Skrubu haikuwa na kiburi, wewe ndiye uliyeirusha. Dawa yake ni plaizi ambayo kwa ukubwa wa kile kitu taya zake zinakuwa zimekaribia kufunga, na hapo ndipo zinapokuwa karibu na kuwa sambamba. Kitu kidogo, plaizi ndogo. Inaonekana kama maneno ya mtoto, lakini angalia nyumbani kwako una ngapi ndogo.

Nirudi nyuma kidogo. Mara ya kwanza kuhisi kwamba haya mambo yana akili ndani yake haikuwa kwa fundi, ilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Nilikwenda kung'oa jino la juu la nyuma (usiulize, soda na uzembe). Pembeni kulikuwa na sinia yenye makoleo yasiyopungua manane, yote yanang'aa, yote kwa macho yangu yanafanana. Kwa woga nikaanza kuhoji, si unajua sisi waandishi. Daktari, mama mmoja mpole sana, akachukua mawili akanionyesha. Meno ya juu ya nyuma yana mizizi mitatu: miwili upande wa shavu na mmoja upande wa ndani. Kwa hiyo koleo lake lina taya moja yenye kincha kidogo cha kuingia katikati ya ile mizizi miwili, na taya ya pili ni ya mviringo ili ikumbatie ule mzizi mmoja. Sasa geuza upande: shavu la kulia na shavu la kushoto ni kinyume, kwa hiyo koleo la kulia haliwezi kutumika kushoto. Na mpini umepindwa ili mkono wa daktari usigonge meno ya mbele. "Ukikosea," akaniambia, "jino linavunjika na mzizi unabaki." Nikanyamaza.

Baadaye nilisoma habari zake. Zamani huko Ulaya walikuwa wanang'oa kwa kitu kinachofanana na ufunguo wa mlango, unakiingiza, unakizungusha, na mara nyingi jino linakatika, au kipande cha taya kinakuja nalo. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja wa Uingereza, John Tomes, akaja na wazo ambalo ukilisikia leo unasema mbona wazi. Aliangalia umbo la shingo ya kila aina ya jino, akataka koleo litengenezwe kulifuata umbo hilo. Fundi wa vifaa aliyekuwa London, Jean-Marie Evrard, ndiye aliyemtengenezea. Yaani jino ndilo lililochagua koleo. Makoleo ya meno ya leo bado yanafuata wazo hilo hilo, na sijawahi kumsikia mtu akimwambia daktari wa meno kwamba mchagua jembe si mkulima. Tunamwambia fundi simu tu.

Haya, tuje Kariakoo.

Nilikipeleka kinasa kwa fundi mmoja mwenye kimeza chake barazani, pembeni ya duka la vitenge. Ana kioo cha kukuzia kimefungwa kwa mpira kichwani. Akakiangalia, akakigeuza, akanitazama mimi.

"Dada, nani alikishika hiki?"

"Ni mimi fundi."

"Kwa plaizi gani?"

"Ile ya kawaida. Ya umeme."

"Pole sana dada. Ile ni ya kukamatia waya. Humu huingii nayo."

Hakunicheka, na kwa hilo nilimshukuru. Nilipotazama kimeza chake nikaona plaizi nne na vibano viwili. Mbili kati ya zile nne alikuwa amezitengeneza mwenyewe: alinunua zile za bei rahisi za mdomo mrefu, akazisaga kwenye jiwe mpaka ncha zikawa nyembamba kama mdomo wa chiriku, meno yote akayaondoa. Mipini ameizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Ya tatu ilikuwa imepinda ncha, si kwa kuharibika, imetengenezwa hivyo. Nikamuuliza faida yake. Akaniambia niweke jicho juu ya bodi, akashika skrubu kwa ile iliyonyooka. Sikuona skrubu, niliona vidole vyake. Akashika kwa ile iliyopinda, mkono wake ukakaa pembeni, na skrubu ikaonekana yote. Basi. Sekunde tano za somo, na sijasahau. Sehemu finyu siyo tu mahali ambapo kifaa hakipiti, ni mahali ambapo kifaa kinakuziba macho. Mimi siku ile nilibana nisichokiona.

Kuhusu meno, alinieleza kwa namna yake: meno ni ya kitu ambacho hutajali kikipata makovu. Waya wa shaba ukiubana kwa meno unaacha alama, na pale penye alama ndipo utakapokatikia ukikunjwa mara chache. Sonara anajua hili kuliko wote, dhahabu ni laini, kwa hiyo plaizi zake ni laini ndani, na ana zile za mdomo wa duara kama penseli mbili kwa ajili ya kukunja pete za mkufu. Ukimpelekea sonara plaizi ya meno atakurudishia na pole.

Hapa ndipo tulipobishana mimi na fundi. Nilimwambia kwamba badala ya kusaga zile za bei rahisi, si bora anunue moja ya maana, ya wale Wajerumani wa Knipex kwa mfano, ambao wanatengeneza plaizi pale Wuppertal tangu mwaka 1882. Akanitazama kama nimemwambia ale keki. "Dada, hiyo moja ni ada ya shule ya mtoto. Na ikiibiwa hapa barazani?" Sikuwa na jibu, na sitaki kujifanya ninalo. Sisi wenye mishahara (hata kama inachelewa) ni rahisi sana kumshauri mtu anunue kitu kizuri. Fundi huyu kwa jiwe lake la kusagia alikuwa amefanya kile kile alichofanya Tomes, ameliacha tundu na skrubu vimpe umbo la kifaa.

Ila sehemu moja bado nambishia. Plaizi yake ya pili ilikuwa na rangi ya bluu kwenye ncha. Chuma kikisagwa kwa pupa kinapata moto, na rangi ya bluu inamaanisha pale pamefika karibu nyuzi joto 300. Ule ugumu kilichopewa kiwandani unapungua, ncha inakuwa laini na inaanza kupinda. Mwenyewe alikiri ile inapinda kuliko mwenzake. Kopo la maji pembeni, unasaga kidogo, unachovya, unasaga tena. Halina gharama. Alisema analijua, ila siku ile alikuwa na haraka. Sote tuna siku zetu za haraka, fundi, mimi nimevunja kinasa.

Sasa kwa wewe unayesoma hapa ofisini wakati bosi yuko kwenye kikao, najua hutakwenda kusaga plaizi. Utakwenda dukani, na dukani utaonyeshwa BOKSI. Sanduku la plastiki, vifaa thelathini, bisibisi kumi na mbili, plaizi tatu, tochi na tepu ya kupimia, vyote kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Mimi ninalo. Kaka yangu analo. Plaizi za ndani ya boksi hilo ndizo zilizonifanya niishie kwenye plaizi ya baba, kwa sababu ya mdomo mrefu iliyokuwa humo ilikwishalegea siku ya pili, taya zikawa zinapishana kama mkasi. Boksi linakuuzia idadi. Hakuna kazi hata moja kati ya hizo thelathini iliyofikiriwa. Ushauri wangu, na hapa ndipo najua mtanirushia mawe: fedha ya boksi nunua plaizi mbili tu ndogo, moja iliyonyooka na moja iliyopinda ncha, zote laini ndani au zenye meno madogo sana, urefu kati ya milimita 115 na 130 hivi. Zile za milimita 160 ni nzuri, lakini ni za soketi za ukutani na ndani ya redio kubwa, kwa simu na miwani bado ni tembo.

Na usinunue kwa kuangalia rangi ya mipini wala jina lililochongwa, majina makubwa yanachongwa hata kwenye chuma cha sufuria. Mwombe muuzaji akuruhusu uishike. (Mwombe "plaizi", nakuonya. Kamusi inasema koleo, lakini sema koleo kwenye duka la vifaa uone kama hutaletewa la kuchotea mchanga.) Ifunge taratibu ukiielekeza kwenye mwanga. Ncha zinatakiwa kugusana kwanza, kisha ukikaza mwanga wa katikati unapungua. Kama katikati inagusana na ncha zinaachana, irudishe, haitakushikia kitu. Kisha shika kila taya kwa mkono wake, jaribu kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza, hata kidogo tu, irudishe. Kuna plaizi ambazo nusu moja imelazwa tu juu ya nyingine, na kuna zile ambazo nusu moja imepitishwa ndani ya tundu la mwenzake, hizi za pili hazichezi kirahisi na ukizipata kwa bei nzuri usiulize mara mbili. Mwisho, toa risiti yoyote mfukoni, chana kipande chembamba, kibane kwenye ncha kabisa, ukivute. Kikichomoka, plaizi hiyo ni pambo. Muuzaji wangu alinuna nilipofanya hivi kwa plaizi ya tatu, lakini ya nne ilishika.

Angalia pia kama ina springi ya kujifungulia yenyewe. Utadhani ni anasa mpaka ufanye kazi nusu saa ukifungua plaizi kwa kidole kidogo.

Za kukatia ni habari nyingine, sitaichambua leo, ila jambo moja: ile ndogo ya kukatia waya laini wa shaba usiikatie waya wa chuma wala uzi wa gitaa. Itapata pengo siku hiyo hiyo na utailaumu China bure. Na zile ringi za chuma zinazoshikilia beringi kwenye feni na pikipiki, zenye vitundu viwili, zina plaizi yake maalumu yenye ncha kama sindano, tena ni aina mbili, moja ya kupanua na moja ya kubinya. Ukiitoa kwa bisibisi mbili inaruka kama jiwe la manati, na mara nyingi uso wako ndio uko karibu. Vaa miwani.

Kuna mambo mawili ambayo siyasemi kwa utani. La kwanza ni ule mpira wa rangi kwenye mipini. Mpira wa kawaida ni wa kuzuia mkono kuteleza, siyo kinga ya umeme. Plaizi iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme ina alama ya 1000 V na pembetatu mbili zilizopandana, na hata ukiwa nayo, umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, zima swichi kuu kwanza. La pili ni betri ya simu. Vijana wengi siku hizi tunajibadilishia betri wenyewe kwa kuangalia video, na betri ya simu imebanwa kwenye chumba chake kwa gundi, haina pa kushika. Mtu anachukua plaizi ya ncha kali anaichokonoa. Ndani ya ile betri kuna karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizotenganishwa na utando wa plastiki mwembamba mno. Ncha ikitoboa au hata kubonyeza sana kona, zile karatasi zinagusana, moto unaanza ndani na haungoji ukatafute maji. Samsung waliiondoa sokoni Galaxy Note7 mwaka 2016, na walipotoa matokeo ya uchunguzi wao Januari 2017, moja ya sababu ilikuwa kona ya betri iliyobana mpaka karatasi za ndani zikajikunja. Hiyo ni kona iliyobanwa kiwandani na wataalamu, sasa fikiria yako kitandani. Pale plaizi sahihi ni kutotumia plaizi: joto kidogo la kulainisha gundi, kipande cha plastiki chembamba, na subira.

Najua kaka atasoma hapa (huwa anasoma halafu anakataa), na najua atasema kwamba yule fundi wa Kariakoo alitumia plaizi ya bei rahisi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshinda. Hapana kaka. Fundi hakutumia plaizi ya bei rahisi, alitumia plaizi aliyoichagua, akaikataa ilivyokuwa, akaibadilisha mpaka ikakubali kazi. Alichagua kuliko hata mimi niliyechagua dukani. Na kwa kijiko cha chai hakugusa kitu.

Kinasa? Kibati hakikurudi, kona ya bodi ilikuwa imekwenda na njia yake ya umeme. Fundi alikwangua rangi ya kijani hatua mbili ndani ya bodi mpaka akaipata shaba, akashika waya mwembamba kama unywele kwa ile plaizi yake iliyopinda, ya tyubu ya baiskeli, akauchomelea hapo kwa risasi kidogo. Waya wa pili upande wa pili. Betri zikakaa nje kwenye kisanduku cha kufungia kwa selotepu, kinaonekana kama bomu la kwenye filamu na uwanja wa ndege sitakipeleka. Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Akaniambia nisubiri kwanza, akafuta bodi kwa mswaki, akabonyeza kwa mara nyingine, halafu akanipa mimi.

Ni dakika 41 na sekunde 12. Kwenye dakika ya sita kuna jogoo anamkatiza, na bibi anamfukuza kwa jina.